Njorinjori na Futikamba

Mwaka 2003 nilikuwa kidato cha pili katika shule moja ya bweni. Siku moja mwalimu wa michezo alinisimamisha kwenye ukuta wa bwalo la chakula, akaweka rula juu ya kichwa changu, akachora mstari kwa chaki. Kisha akaniambia ninyooshe mikono juu. Akachora mstari wa pili. Alirudi nyuma hatua mbili, akaitazama ile mistari kama mnunuzi wa ng'ombe sokoni, akasema, "Wewe ndiye senta wetu."

Sikuwa nimewahi kugusa mpira wa kikapu. Nilipomwambia hivyo, alicheka. "Mwalimu niko hapa. Mpira unafunzwa, kijana. Urefu haufunzwi."

Nilicheza mechi mbili. Katika ya kwanza nilifanya faulo tano kabla ya mapumziko nikatolewa. Katika ya pili nilipewa pasi nzuri kabisa, chini ya ringi, hakuna mtu karibu nami, na mpira ukanipita katikati ya mikono ukanigonga puani. Shule nzima iliona. Kuanzia siku hiyo hadi nilipomaliza kidato cha nne niliitwa Mlingoti. Lakini nilichokuja kujiuliza baadaye, nikiwa mtu mzima, si kwa nini nilidaka vibaya. Ni kwa nini hakuna hata mmoja aliyemcheka mwalimu. Chaki ilikuwa yake.

Nimekuwa nikifuatilia drafti ya NBA kwa miaka mingi sasa, na kama kuna kitu kinachonivuta kila Juni ni hicho hicho: watu wazima wenye futikamba wakiwapima vijana warefu. Kwa ambaye hafuatilii, drafti ni ile hafla ambapo timu za Marekani zinachagua kwa zamu wachezaji chipukizi kutoka vyuo vikuu na nchi za nje, na timu zilizofanya vibaya zinapewa nafasi nzuri ya kuchagua mapema. Kabla ya hafla kuna wiki kadhaa za vipimo. Kijana anapimwa urefu akiwa peku. Anapimwa upana wa mikono, kutoka ncha ya kidole hadi ncha ya kidole. Anapimwa anafika wapi akisimama na kuinua mkono, anaruka kiasi gani, na zamani alipimwa pia ananyanyua chuma cha kilo 84 mara ngapi. Madaktari wanamgongagonga magoti. Ringi iko mita 3.05 kutoka sakafuni, haijawahi kuhama, kwa hiyo mtu ambaye mkono wake unafika mita 2.9 bila kuruka amebakisha sentimita 15 tu. Ukiwa umekaa na karatasi ya namba mbele yako, ni rahisi kudhani kazi imebaki ndogo.

Hesabu hiyo ndiyo imewaponza wengi. Kisa mashuhuri ni cha 1984, na watu hukisimulia kwa mkato: Portland walikuwa na nafasi ya pili, wakamchukua Sam Bowie, wakamwacha Michael Jordan aende Chicago katika nafasi ya tatu. Basi, kicheko. Lakini ukikitazama polepole unaona kwamba Portland hawakuwa wajinga. Walikuwa wamempata Clyde Drexler mwaka uliotangulia, mchezaji wa nafasi ile ile ya Jordan. Walichokosa ni senta. Nafasi ya kwanza iliamuliwa kwa kurusha sarafu kati yao na Houston. Houston wakashinda sarafu, wakamchukua Hakeem Olajuwon, kijana wa Lagos. Aliyefuata kwa urefu kwenye foleni alikuwa Bowie, futi saba na inchi moja, na mguu wake wa kushoto ulikuwa umemkalisha nje misimu miwili mizima chuoni Kentucky.

Kwa hiyo wakampima. Wakampima kwelikweli. Na hapa ndipo kisa kinapoacha kunichekesha. Miaka mingi baadaye, katika filamu ya makala iliyotoka 2012, Bowie mwenyewe alieleza kwamba madaktari walikuwa wanamgonga mfupa wa muundi kwa nyundo ndogo, naye anawaambia hasikii kitu. Kumbe ndani alikuwa anasikia maumivu. Kijana wa miaka 23 amekaa juu ya kitanda cha daktari, kazi ya maisha yake iko mlangoni, na anaulizwa kama inauma. Wewe ungesema nini? Mimi ningesema haiumi, na huenda ningetabasamu.

Bowie aliichezea Portland mechi 139 katika misimu minne aliyovaa jezi yao, na mmoja zaidi aliokosa wote. Tuseme ukweli, hakuwa mbovu. Kwa miaka kumi ya NBA alikuwa na wastani wa pointi karibu 11. Angechaguliwa wa kumi na mbili tungemkumbuka kama senta mzuri aliyeandamwa na majeraha, au tusingemkumbuka kabisa, ambayo ni heri.

Olajuwon ndiye aliyewafanya watu waamini kwamba mrefu kutoka Afrika ni bahati nasibu inayolipa. Alikuwa kipa wa mpira wa miguu na mchezaji wa mpira wa mikono kabla hajashika wa kikapu, na alianza akiwa kijana mkubwa tayari. Alipofika Chuo Kikuu cha Houston mwaka 1980 alikuwa mbichi. Kumi na minne baadaye alikuwa mchezaji bora wa ligi na bingwa, na 1995 akawa bingwa tena. Wengi walisoma kisa hicho wakaona mistari miwili ya chaki: mrefu, Mwafrika. Hawakuona miguu ya kipa, iliyozoea kugeuka kwa kasi mahali padogo. Hawakuona zile jioni za kiangazi katika ukumbi wa Fonde jijini Houston, alikokuwa anacheza dhidi ya Moses Malone, senta aliyekuwa tayari mchezaji bora wa NBA, akisukumwa, akipigwa viwiko, akifunzwa bila kuonewa huruma. Olajuwon hakuchaguliwa akiwa mbichi. Alichaguliwa akiwa ameshaiva, mbele ya macho ya watu, baada ya kuifikisha timu yake miongoni mwa nne za mwisho nchini mara tatu mfululizo.

Hiyo tofauti ni kubwa, na walioifuata ile bahati nasibu waliipuuza. Mwaka 1998 Clippers walimchukua wa kwanza kabisa Michael Olowokandi, aliyezaliwa Lagos akakulia London, aliyepata chuo kwa kufungua kitabu cha vyuo vya Marekani na kupiga simu. Dirk Nowitzki akachukuliwa wa tisa. Mwaka 2003, ule ule niliosimamishwa ukutani, Detroit wakamchukua Darko Miličić wa Serbia katika nafasi ya pili, mbele ya Carmelo Anthony, Chris Bosh na Dwyane Wade. Sitakaa kwenye visa hivi. Vinafanana hadi vinachosha.

Manute Bol ni jambo jingine, na siwezi kumpita. Alikuwa Mdinka kutoka Sudan ya kusini, futi saba na inchi saba. Mwaka 1983 Clippers walimchagua, ligi ikakataa, akarudi kusubiri. Inasimuliwa kwamba pasipoti yake ilikuwa imeandikwa urefu wa futi tano na inchi mbili, na alipoulizwa akajibu kwamba walimpima akiwa amekaa. Sijui kama aliwatania. Ninachojua ni kwamba ni jibu bora kuliko yote ambayo mtu mrefu amewahi kumpa mtu mwenye futikamba. Washington walimchukua 1985 katika nafasi ya 31, na msimu wake wa kwanza alizuia mitupo 397. Alimaliza NBA akiwa amezuia mitupo mingi kuliko pointi alizofunga. Alichaguliwa chini, akatumiwa kwa kitu kimoja alichokiweza, na hakuna aliyemdai awe Olajuwon.

Sasa nije kwa mtu wetu.

Hasheem Thabeet alizaliwa Dar es Salaam mwezi Februari 1987. Mimi ni wa mwaka huo huo. Alianza kucheza akiwa na miaka kama 15, yaani karibu na wakati ule ule niliokuwa nikipigwa na mpira puani ng'ambo ya mpaka. Tofauti ni kwamba yeye alikuwa anaelekea futi saba na inchi tatu, na mimi nilikwamia sita na nne. Akapata shule Texas, kisha Chuo Kikuu cha Connecticut chini ya kocha Jim Calhoun. Huko akawa ukuta. Msimu wa 2008/09 alikuwa na wastani wa mitupo minne na ushei aliyozuia kila mechi, pointi zaidi ya 13 na ribaundi karibu 11. Alitajwa mlinzi bora wa ligi yao, Big East, mara mbili mfululizo. Timu yake ilifika nne bora za nchi.

Sisi huku tulikuwa tunasoma haya kwenye saiba, shilingi moja kwa dakika, kurasa zikifunguka kama pazia zito. Wakenya tuna tabia ya kumuita Mtanzania jirani akishindwa na ndugu akishinda. Mwaka ule Hasheem alikuwa ndugu.

Kuna mechi moja ambayo kila skauti aliiona. Tarehe 16 Februari 2009, siku ambayo Thabeet alitimiza miaka 22, Connecticut walikuwa nambari moja nchini na walicheza na Pittsburgh. Pittsburgh walikuwa na mtu anayeitwa DeJuan Blair, futi sita na inchi saba kwa makadirio ya ukarimu, mwenye mabega kama mlango wa ghala. Mapema katika mchezo walikamatana mikono wakigombea mpira, Blair akavuta, na Thabeet akapinduka juu ya bega la mwenzake akaanguka chali. Nimeitazama picha hiyo mara nyingi. Kilichofuata ndicho muhimu: Blair alimaliza na pointi 22 na ribaundi 23. Thabeet alimaliza na pointi 5 na ribaundi 4. Pittsburgh wakashinda.

Mechi moja haimhukumu mtu, najua. Lakini ile ilikuwa inauliza swali ambalo futikamba haiwezi kulijibu: mtu mfupi, mnene, mwenye hila akimweka mgongo huyu njorinjori, atafanya nini? Ana mguu wa kurudi mahali pake? Anajua mpira utadunda upande gani kabla haujadunda? Mambo haya Blair aliyajua kama mama muuza mboga anavyojua nyanya.

Na tazama vipimo vilimfanya nini Blair. Alikuwa amepasuliwa magoti yote mawili akiwa shule ya sekondari, na madaktari wa timu walipopiga picha kabla ya drafti waligundua kwamba magoti yale hayana kabisa ile kano ya katikati inayoshikilia goti lisiteleze. Magoti yote mawili! Timu zikakimbia. Akaanguka hadi nafasi ya 37, San Antonio wakamwokota. Msimu wake wa kwanza alicheza mechi 82, yaani zote. Wa pili, 81.

Usiku wa drafti ulikuwa Juni 25, 2009, New York, ambao kwetu ni alfajiri ya tarehe 26. Asubuhi nilienda saiba ya mtaani kwetu kabla ya kazi. Ilikuwa imejaa pomoni, jambo lisilo la kawaida saa mbili asubuhi, na kila kompyuta ilikuwa na picha ya mtu mmoja. Michael Jackson alikuwa amekufa usiku ule.

"Buda, nawe unataka za Michael?" kijana wa saiba aliniuliza.

"Hapana. Nataka drafti."

"Drafti gani? Ya kucheza na vifuniko vya soda?"

Nilisubiri dakika arobaini kupata kiti. Nikaona: wa kwanza Blake Griffin, wa pili Hasheem Thabeet, Memphis. Mtanzania wa kwanza kabisa kuingia NBA, na kaingilia mlango wa mbele. Nilipiga meza. Msichana aliyekuwa karibu nami, macho mekundu kwa kulia, alinitazama kama mwendawazimu. Sikusoma majina yaliyofuata. Wa tatu alikuwa James Harden. Wa saba alikuwa kijana mwembamba wa chuo kidogo kiitwacho Davidson, Stephen Curry.

Memphis walikuwa tayari na senta. Marc Gasol alikuwa ameshawachezea msimu mmoja, na yeye mwenyewe alichaguliwa wa 48 mwaka 2007 wakati hakuna aliyemtaka kwa sababu alikuwa mzito. Kwa hiyo walikuwa na ushahidi sebuleni kwao kwamba senta hapatikani kwa utepe, na bado wakanunua kwa utepe. Thabeet alipata wastani wa dakika 13 kwa mechi. Februari 2010 wakamteremsha ligi ndogo kule Dakota, na wakati huo hakuna mchezaji aliyechaguliwa juu hivyo aliyekuwa amewahi kuteremshwa. Februari 2011 wakamuuza Houston. Kisha Portland, kisha Oklahoma City. Mwaka 2014 NBA ikaisha kwake: mechi 224, wastani wa pointi 2.2. Baadaye akacheza Japani na Taiwan.

Kuna sababu ya kisheria ambayo husemwa kidogo mno. Kule chuoni mlinzi anaruhusiwa kusimama chini ya ringi hadi apate mizizi. Kwenye NBA, tangu msimu wa 2001/02, mlinzi asiyemkaba mtu kwa karibu hawezi kukaa ndani ya eneo lile zaidi ya sekunde tatu. Akikaa, wapinzani wanapewa mtupo wa bure na mpira wanabaki nao. Sekunde tatu! Kila kitu kilichomfanya Thabeet kuwa ukuta pale Connecticut kilikuwa kusimama. Sasa alitakiwa kutoka, kuingia, kutoka, kumfuata mtu, kurudi, na miguu yake ilikuwa haijafunzwa hivyo kwa sababu hakuna aliyekuwa na haja ya kumfunza alipokuwa anashinda. Skauti anajua sheria hii. Ni kazi yake kuijua. Swali la kuuliza mwezi wa tano 2009 halikuwa mkono wake unafika wapi, bali akiondolewa pale chini, anabaki na nini.

Na yule kijana mwembamba aliyechaguliwa wa saba ndiye aliyekuja kumalizia. Curry alipoanza kurusha kutoka mbali, mitupo 402 ya pointi tatu iliyoingia katika msimu mmoja wa 2015/16, kila senta duniani alilazimika kutoka nje kumkimbilia. Wale waliokuwa wamenunuliwa kulinda mlango wakakuta wezi wanapitia dirishani. Waliokuwa wakipima mwaka 2009 walipima kwa ajili ya mchezo uliokuwa unakufa, na aliyekuja kuuzika alikuwa kwenye orodha yao hiyo hiyo.

Sisemi kwamba Thabeet hana lake. Alifanya faulo nyingi, mikono yake ilikuwa migumu kudaka, na miaka mitano ni muda wa kutosha kujifunza kitu. Rudy Gobert naye alikuja 2013 na mikono iliyovunja rekodi za vipimo, mita 2.92 akisimama tu, timu zikaogopa kwamba ni mti mwingine, akachukuliwa wa 27. Alipoingia NBA sheria ya sekunde tatu ilikuwa pale pale. Akajifunza kuicheza, na sasa ana tuzo nne za mlinzi bora. Lakini Gobert alipewa miaka ya kukosea bila mtu kuandika kila kosa, kwa kuwa alikuwa wa 27. Namba uliyochaguliwa nayo inageuka deni, na deni hilo anadaiwa aliyechaguliwa, kamwe si aliyechagua.

Hapa ndipo ninaporudi kwangu, na sipendi kurudi. Kuanzia 2010 hivi nilikuwa nacheza Jumapili na marafiki kwenye uwanja wa saruji wenye ringi moja. Mrefu yeyote aliyeangusha pasi tulimuita Thabeet. "Wee Thabeet, daka!" Nilisema mimi, Mlingoti. Nilisema kwa sauti kubwa kuliko wote. Nadhani nilikuwa nimefurahi kwamba jina lile sasa lina mwenyewe, na si mimi.

Mwaka 2016 kazi ilinipeleka Dar kwa siku nne. Jioni moja nilienda kwenye viwanja vya Kidongo Chekundu, vile vilivyofunguliwa mwaka uliotangulia. Watoto walikuwa wengi kuliko mipira. Pembeni alikuwa amekaa mzee mmoja kwenye kiti cha plastiki, filimbi shingoni.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Umetokea Kenya wewe, eh? Nakusikia kwenye ulimi."

Tukaongea. Nilimuuliza kuhusu Hasheem, na nadhani aliona tabasamu langu kabla sijalificha.

"Nyinyi mnamcheka," alisema, bila hasira. "Hata hapa wapo wanaomcheka. Lakini nikwambie kitu. Zamani kijana mrefu akipita mtaani, mama yake anaulizwa anamlisha nini. Siku hizi anaulizwa kama ana pasipoti." Akapuliza filimbi, akamfokea mtoto aliyekuwa anatembea na mpira bila kuudundisha, kisha akanigeukia. "Wewe ulipimwa?"

"Nilipimwa, mzee. Ukutani, kwa chaki."

"Wakakufunza?"

Sikumjibu. Hakuwa anangoja jibu.

Huyo mzee amenifanya nizisome upya habari za drafti. Ninapoona skauti ameandika kwamba kijana fulani wa Senegali au Sudan Kusini ni mbichi, sasa nauliza mbichi kwa kulinganishwa na nani, na nani atashika moto. Kahawa yetu nayo huondoka hapa ikiwa mbichi, na bei kubwa hupatikana kule inakokaangwa. Kijana wa Ohio anayefundishwa tangu miaka sita akishindwa, wanasema aliumia, au kocha alibadilishwa. Greg Oden alichukuliwa wa kwanza 2007 mbele ya Kevin Durant, yule Durant aliyeshindwa kukinyanyua kile chuma cha kilo 84 hata mara moja. Magoti yakamwangusha Oden, akacheza mechi 82 tu kwa Portland katika miaka yote. Watu walimhurumia, na ni haki kumhurumia. Thabeet hakuhurumiwa. Ubichi ulihesabiwa kuwa tabia yake.

Wakati huo huo Nikola Jokić, asiyeruka na asiyetisha kwenye karatasi yoyote, alichaguliwa wa 41 mwaka 2014 huku televisheni ikionyesha tangazo la chakula, na yeye amelala kwao Serbia. Ametwaa tuzo ya mchezaji bora mara tatu. Anaona pasi ambazo wengine wanaziona kwenye marudio. Hakuna chombo cha kupimia hicho kule Chicago, na kingekuwepo sijui wangekiunganisha wapi mwilini.

Mwaka jana, 2025, usiku wa drafti uliangukia tena Juni 25. Miaka 16 kamili. Safari hii nilikesha, simu mkononi, mke wangu amelala. Nilikuwa namsubiri Khaman Maluach, aliyezaliwa Rumbek, Sudan Kusini, akakulia Kawempe, Kampala. Alianza mchezo akiwa na miaka kama 13. Alipita shule ya vipaji ya NBA kule Saly, Senegali, akaichezea nchi yake Olimpiki ya Paris akiwa na miaka 17, kisha mwaka mmoja chuoni Duke. Ana futi saba na inchi mbili akiwa amevaa viatu. Na yeye ana usiku wake wa Blair: katika mechi ya nusu fainali ya kitaifa, Aprili, dhidi ya Houston, alicheza dakika 21 bila kupata ribaundi hata moja. Sufuri. Duke walikuwa wakiongoza kwa pointi 14, wakashindwa.

Jina lake liliitwa la kumi, na nafasi ile ikaishia kwa Phoenix. Alilia. Alilia kama mtu ambaye amekuwa amebeba kitu kizito kwa watu wengi na sasa hajui akiweke wapi. Nami nikajikuta nimekaa wima kitandani.

Simu ikalia. Ni rafiki yangu mmoja wa zile Jumapili, naye hakuwa amelala.

"Umeona? Thabeet mwingine huyo?"

Niliandika: "Thabeet alicheza mechi 224 za NBA. Sisi tulicheza ngapi?"

Akakaa kimya kidogo. Kisha: "Sawa buda, nimekosea. Lakini huyu anaweza kweli? Ana nini?"

Ningeweza kumwambia kuhusu anavyokimbia uwanjani, au anavyotupa mitupo ya bure vizuri kuliko warefu wengi. Ningeweza kumwambia tusubiri. Vidole vilikuwa vimeshaandika.

"Akiinua mkono tu, bila kuruka," nilimjibu, "futi tisa na inchi sita."